Mwosha Maiti Aliyeombwa Neno Moja

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, ya kwamba katika mji mmoja wa bara Arabu alikuwako mjane aitwaye Zumaradi binti Faraji, mwanamke ambaye maneno yalikuwa mazito kumtoka. Bubu hakuwa. Ukimsalimu ataitika, ukimwuliza habari atamshukuru Mola, kisha basi. Alijaribu kuuza udi sokoni, na mnunuzi akiuliza kama ni mzuri, yeye humsogezea anuse mwenyewe. Nani atanunua hivyo? Akaenda kufundisha watoto Kurani, wakamgeuza mchezo. Wanawake wa mtaani wakampa jina la Gogo. Wao ndimi walikuwa nazo za kutosha mji mzima.

Aliyemwona ni Bi Nusaiba, ajuza aliyekuwa akiosha maiti wa kike. Akamwita, akamwambia, "Mwanangu, unahangaika kutafuta mdomo ambao hukupewa. Njoo kwangu. Kazi yangu yataka mtu wa kuona na kufunga kinywa."

Akamfunza kumsitiri marehemu kwa shuka, na kuosha chini ya shuka hiyo kwa mkono uliofungwa kitambaa, maji ya mkunazi kwanza, ya kafuri mwisho. Na kinachoonekana pale, kibaki pale. Wengine sharti hilo liliwashinda wakarudi makwao kusimulia. Kwa Zumaradi lilikuwa kama kupumua. Bi Nusaiba alipokwenda mbele ya haki, kazi ikabaki mikononi mwake, na watu wakatulia.

Ikatokea akafariki Bi Thuraya, akaacha mke mwenza, Khaizurani, na binti mmoja, Lubaba, aliyekwisha kuposwa. Siku ya kuoshwa mama, Lubaba alizimia kwa uchungu, hakuingia. Khaizurani alileta maji hadi kwenye pazia, hakupita. Lakini kabla matanga hayajaondolewa, mji mzima ukasikia kutoka kwa Khaizurani kwamba uso wa marehemu uligeuka mweusi kama chungu, na kwa watu wale hiyo ilikuwa alama ya mwisho mbaya. Mama wa bwana harusi, Bi Atika, akasema hamwingizi nyumbani mwake mtoto wa mama wa namna hiyo, ila kama mwosha maiti mwenyewe atakanusha.

Lubaba akamwendea Zumaradi, akaketi miguuni pake.

"Shangazi, sikuombi uongo. Sema neno moja tu, kwamba mama yangu alikuwa mwema wa sura. Si wanasema la heri laruhusiwa kusemwa?"

Laruhusiwa, na Zumaradi alilijua hilo. Tena alimpenda yule binti. Lakini akawaza: nikimsemea huyu leo, siku nitakayomnyamazia mwingine, kunyamaza kwangu kutakuwa ndiko kumsema.

"Siwezi, mwanangu."

"Basi umenizika pamoja naye," akasema Lubaba, akatoka.

Watu wakayapokea hayo, wakasema hata Gogo ameshindwa kukanusha. Ndipo Zumaradi alipoona shida iliyomfika: akisema anaivunja amana, akinyamaza anamwangamiza yatima. Akasali, akamwomba Mola amwonyeshe njia ya kumtendea haki aliyekufa na aliye hai.

Kulipokucha akajitanda shela, akaenda kwa Bi Atika. Alimkuta na mashoga zake wanakunywa kahawa. Vikombe vikasimama, maana Zumaradi hakuwa na desturi ya kuingia nyumba isiyo na maiti. Mmoja akauliza nani amekufa humu, wakacheka kidogo.

"Karibu," akasema Bi Atika. "Umekuja kutuambia?"

"Nimekuja kukuuliza. Siku yako ikifika, Bi Atika, utaoshwa kwa mikono hii. Na hawa wenzio watanisubiri mlangoni. Unataka wakiniuliza niwajibu?"

Bi Atika akawatazama mashoga zake. Hakuna aliyemtazama. Inasemekana alivuta shuka akaifunika miguu yake, na miguu ile ilikuwa na nini hakuna ajuaye.

"Sitaki," akasema.

"Na Bi Thuraya hakutaka."

Akaaga, akaondoka. Bi Atika akapeleka ujumbe kwa kina Lubaba kwamba ndoa ipo, na ikafungwa. Khaizurani naye akautafutia ulimi wake shughuli nyingine.

Atakayeuliza uso wa Bi Thuraya ulikuwaje hasa, huyo hajasikia kitu. Wasimulizi hawakutaja, kwa kuwa aliyeona hakuwaambia. Mola humpa kila mja lake, na wengi wetu tunaumaliza umri tukililia la jirani. Zumaradi angeng'ang'ania kujifunza maneno, angekuwa mchuuzi mbaya mpaka kufa kwake, na wanawake wa mji ule wangekosa mtu wa kumwachia miili yao kwa amani.