Mbuzi Aliyechinjwa Mbali

Ndugu zangu, muadhini bado hajainuka, nipeni masikio yenu kidogo. Najua mna haraka. Mwezi umeandama, Idi ya kuchinja iko mlangoni, na nusu ya watu humu mwili uko msikitini lakini roho iko mnadani kwenye mbuzi. Sijasema nani. Ila kuna mtu safu ya pili nimemsikia kwa masikio yangu akinong'ona bei ya beberu. Mwache beberu wako kwanza, bwana, hatakimbia.

Kulikuwa na mama mmoja. Ni mfano tu huu, nimeutunga mwenyewe asubuhi nikipiga mswaki, kwa hiyo msianze kugeuka na kutazamana. Mama huyo alikuwa mjane, anaishi mji mdogo kama huu wetu, magoti yameshaanza kumsumbua, na mwanawe wa pekee anafanya kazi Dar es Salaam. Na alikuwa mwana mwema, nawaambia mapema. Sikuja hapa kumsema mtoto aliyemtupa mama yake. Huyu anapiga simu, dawa za mama ananunua, bati likivuja anatuma fundi. Na kila Idi ya kuchinja anakuja na mbuzi. Anamchinja uani baada ya swala, kisha mama anakaa kwenye kigoda chake na kisu mkononi, anakata, anapanga mafungu, anapeleka anakojua yeye. Kazi ya mwana ni kuchuna ngozi na kula maini. Huko nyama inakokwenda hakuwahi kuuliza. Kwani nani kati yetu amewahi kuuliza?

Sasa mwaka ule, kule kazini kwao, watu walikuwa wameanza mtindo mpya. Badala ya kumnunulia mtu kanzu ya Idi, au doti ya kanga, unampa zawadi ya sadaka. Yaani unachangia watu wenye njaa, nchi ya mbali huko ambako mvua imekataa kunyesha, halafu sadaka inaandikwa jina la yule unayempenda. Naye anapata ujumbe kwenye simu yake kwamba ametolewa sadaka. Kijana akaonyeshwa picha za watoto wa kule. Mbavu zinahesabika. Machozi yakamtoka palepale, mbele ya wenzake.

Msimcheke. Mtu mzima anayelilia watoto asiowajua ana moyo, na laiti sote tungekuwa nao. Basi uwezo wake ulikuwa wa mbuzi mmoja, si wawili. Akawaza: mama yangu anakula nyama kiasi gani? Na meno yenyewe yale! Akamtoa mbuzi kule mbali, kwa jina la mama yake. Wewe ungefanya nini? Mimi nadhani ningefanya vilevile.

Ujumbe ukafika kwa mama. "Siku ya Idi mbuzi atachinjwa kwa jina lako. Wenye njaa watakula kwa sababu yako." Mama akavaa miwani, akausoma. Jioni mwana akapiga simu, furaha imemjaa.

"Mama, umeipata zawadi yako?"

"Nimeipata, mwanangu. Mungu akulipe." Kisha akauliza, "Na yule wa nyumbani?"

"Ndiye huyohuyo, mama. Mwaka huu amekwenda kwa wenye shida. Thawabu zote ni zako."

"Alhamdulillahi," mama akasema. Kisha akarudia kwa sauti ya chini, "Alhamdulillahi."

Haya, nyie mnaowajua mama zenu. Mama akisema alhamdulillahi mara mbili namna hiyo, ya pili ikifia kooni, amefurahi huyo? Kina mama huko nyuma ya pazia nawasikia mnacheka, nyie mmeshajua. Mwana hakujua. Alikata simu akalala usingizi mzuri.

Siku ya Idi akaswali, akapanda basi, akafika kwao alasiri, kanzu imekunjamana, njaa inamuuma. Anafika nyumbani, mlango umefungwa. Ndugu zangu, mlango kufungwa siku ya Idi! Kwetu sisi hata penye msiba mlango unaachwa wazi. Akadhani mama yake amekufa humo ndani.

"Hodi! Mama! Hodi!"

"Nani?"

"Mimi, mwanao!"

Komeo likavutwa taratibu. "Ingia upesi," mama akasema, "halafu ufunge."

Akaingia. Mama hakuwa amevaa nguo ya Idi. Alikuwa na kanga zake za jikoni, kajikunyata mkekani, na mbele yake zimepangwa sahani. Zimeoshwa zinang'aa, tupu zote. Kuna za bati, kuna za udongo, mabakuli, na hotipoti moja ya mfuniko wa buluu.

"Shikamoo, mama. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi."

"Sasa umejifungia nini siku kubwa kama leo? Na hizi sahani ni za nani?"

"Za watu."

"Watu gani?"

"Mwanangu, nilipolala kitandani miezi ile, wewe ulileta dawa, na Mungu akubariki. Lakini dawa hainywewi kwa tumbo tupu. Hii ya maua ni ya Mwanasiti, hapo ng'ambo ya njia. Alikuwa akiniletea uji kila asubuhi kabla hajaenda kuuza vitumbua vyake. Hili bakuli la mke wa fundi cherehani, mchuzi wa samaki. Hiyo hotipoti, sijui kama wenyewe wanayo nyingine. Na sahani ya mtu hairudi tupu, nimekufundisha hujajua kufunga vifungo vya suruali. Zamani nilirudisha kwa ndimu mbili, kwa kiganja cha chumvi. Ila kwa wema huu ndimu niliona haya. Nikawaambia, ngojeni Idi ya kuchinja. Nimewaambia watu, mwanangu, kwa mdomo wangu mwenyewe."

Mnaona sasa? Kwa yule mama, mbuzi hakuwa kitoweo. Alikuwa ndiyo siku yake moja katika mwaka ya kutazama watu machoni. Mwaka mzima yeye ni wa kuletewa. Siku hiyo moja yeye ndiye anayepeleka.

Kijana akajaribu kujitetea, kama ambavyo ungejitetea wewe. "Lakini mama, wale wana njaa kweli. Hapa mtaani hakuna aliyelala bila kula."

"Sikatai, baba."

"Na nimetoa kwa jina lako."

"Ndiyo. Jina langu limefika nchi za watu huko, linaombewa dua. Mwenyewe niko hapa nyuma ya komeo, nasikia watu wakipita wakiulizana, bibi leo vipi?"

Kabla kijana hajajibu, wakasikia mlangoni, "Hodi wenyewe!"

"Usifungue," mama akanong'ona, akamshika kanzu. "Ni Mwanasiti."

Lakini hodi haikataliwi, naye hilo alifundishwa na mama huyohuyo. Akafungua. Mwanasiti amesimama na sahani imefunikwa kawa.

"Idi Mubarak! Kumbe mgeni umefika! Sisi tumeona mlango umefungwa tangu asubuhi, tukasema magoti ya bibi yameshika tena. Nimewaletea nyama kidogo. Na sisi tumeletewa, tumegawana tu."

Alipotaka kuingia akaziona zile sahani mkekani. Akaiona na ya kwake ya maua. Mwanamke mwenye adabu yule, akageuza uso haraka, akatazama dari kama anayetafuta popo. "Sikai," akasema, "nimeacha chungu motoni." Akaitua sahani kwenye kizingiti akaondoka, na motoni hakuwa na chungu chochote.

Mama akaitazama ile sahani. "Nyingine tena," akasema. Akalia. Alilizwa na nyama aliyoletewa, ndugu zangu, siku ya Idi, na aliyeileta hakuwa na kosa. Aliyekuwa na kosa naye alikuwa mtu mwema. Kuna mambo hayo duniani.

Kijana akapiga magoti. "Nimekosa, mama. Siku za kuchinja hazijaisha. Kesho alfajiri nakwenda mnadani, mbuzi atapatikana hata kwa kukopa, na mchana sahani zote hizi nitazizungusha mimi."

"Chinja wewe," mama akasema, akijifuta kwa upindo wa kanga. "Kuzungusha nitazungusha mwenyewe, hata kwa kutambaa."

"Sawa, mama. Basi leo tumchinje yule jogoo wako mwekundu aliyebaki, ili walau ya Mwanasiti irudi kabla jua halijazama."

Mama akainamisha uso. "Hayupo."

"Ameibwa?"

"Nimemtoa." Akasita, kama mtu aliyekamatwa na kosa. "Ule ujumbe wako nimeusoma na kuusoma tena. Unasema watu watakula kwa sababu yangu. Na mimi sikutoa hata unyoya! Nikaona haya mbele ya Mungu, nisifiwe kwa mbuzi nisiyemtoa. Pale madrasa walikuwa wanachangisha kwa ajili ya watu walewale. Nikawapelekea jogoo, nikasema muuzeni. Wakaniuliza, bibi, tuandike jina la nani?"

"Ukasema lako."

"Nikasema waandike la mwanangu."

Kijana akakaa chini kwenye sakafu, na Idi yake yote ikamwishia hapo.

Haya, mbuzi wa pili alipatikana? Alipatikana, mama akazungusha sahani na fimbo mkononi, na kila nyumba aliyoingia alishikiliwa akae, anywe chai. Jioni akarudi hoi na hotipoti ileile ya mfuniko wa buluu, imejaa biriani. Mnacheka! Ndiyo, ikaanza upya, na itaendelea hivyo hivyo mpaka Kiyama, na wala asitokee mtu wa kuikomesha.

Sasa tuje kwetu sisi. Asitoke mtu hapa akasema shehe amekataza kuwasaidia walio mbali. Nikimsikia nitamfuata mpaka kwake, na nitakula chakula chake. Wale watoto wa kwenye picha ni wa kweli, njaa yao ni ya kweli, na mbuzi wa kijana yule alikuwa sadaka safi. Toeni. Ukimtolea mzazi wako ni jambo jema, ukimtolea mke wako, rafiki yako, ni jambo jema. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Lakini kosa la yule kijana lilikuwa wapi? Alidhani mama yake ni mtu wa kupewa tu. Akimwazia anaona magoti, anaona dawa, anaona bati linalovuja. Hakuona kwamba ndani ya ile nyumba kuna mtoaji, na pengine mtoaji mkubwa kuliko yeye. Kijana alitoa mbuzi, mama akatoa jogoo wa mwisho siku ambayo sahani za watu zimemkalia shingoni. Akampelekea mwanawe sifa, naye akabaki na haya. Nani alitoa zaidi? Sitawajibia, nyie ni watu wazima.

Na sisi tunafanya hivyo, wallahi tunafanya. Mtu akizeeka tunampokonya kutoa. Mtu akiugua, akifilisika, akifiwa na mume, tunamgeuza mkono wa kupokea tu. Tunamletea, tunamletea, na tunajiona wema, na ni wema kweli. Halafu tunashangaa mbona mzee hana raha, mbona hatoki barazani siku hizi. Atatokaje? Umempa kila kitu ila cha kumpa mwenzake.

Basi leo mkishatoka hapa, kila mwenye mama hai, mwenye baba, mwenye shangazi huko kijijini, ampigie simu. Na usimuulize, "Nikuletee nini?" Atakwambia hataki kitu, wote husema hivyo, ni uongo wao wa miaka yote. Muulize hivi: "Mama, Idi hii unataka kumpa nani?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize, hata kama muda wa maongezi utakatika.

Mwenyezi Mungu atupe cha kutoa, na atubakishie mkono wa kukitolea mpaka siku tunayokufa. Haya, nyoosheni safu.