Mayai ya Kahawia ya Bi Sikudhani

Alikuwapo mjane, Bi Sikudhani, aliyefuga kuku chotara watagao mayai ya kahawia iliyokoza. Jumbe Mkwepu akayaonea kijicho, akamjia na wazee wake.

“Nipe mayai kumi nikaangulishe kuku wangu, au banda lako nalivunja!”

“Nikatae nina nini, Jumbe? Nikikupa, utaniachia banda langu?”

“Naapa mbele ya wazee hawa.”

Bi Sikudhani akampa kumi na mawili.

Kuku wa Jumbe akayaatamia wiki tatu na ushei. Jumbe akarudi na wazee wale wale, anafoka.

“Halijaanguliwa hata moja!”

“Yataanguliwaje, na kuku wangu hawana jogoo?”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilidhani unajua, Jumbe. Si ndiye uliyeninyang'anya Idi iliyopita, ukamla, na mchuzi ukausifu?”

Wazee wakaangua kicheko, na banda likasalia.