Fisi, Tabibu wa Mifupa

Mwaka ule mvua za vuli hazikunyesha, na za masika zikapita mbali kama mgeni aliyekosana na wenyeji. Katika Bonde la Kiwavu visima vilikauka kimoja baada ya kingine, ikabaki chemchemi moja tu, nayo ilikuwa juu kabisa ya Kilima cha Mawe Mekundu. Kwenda nusu siku, kurudi nusu siku. Wanyama walipanda na kushuka, na kila jioni ilikuwa malalamiko: huyu goti, yule nyonga, yule mgongo.

Malalamiko hayo yalimfikia Fisi, ambaye tumbo lake hufikiri kwanza na kichwa hufuata baadaye. Alitafakari siku mbili. Siku ya tatu akajifunga kilemba cheupe, akaokota fimbo, akajitangaza kuwa tabibu wa mifupa.

"Ndugu zangu," alisema mbele ya wanyama waliokuwa wakijiandaa kupanda kilima, "mfupa ni kama chungu. Chungu cha kila siku hupata ufa, cha kuwekwa hudumu miaka. Kila mfupa umeumbwa na hatua zake. Zikiisha, umekwisha. Nanyi mnazimaliza pale kilimani!"

"Na mgongo, je?" akauliza Bi Nyumbu, mzee mwenye nundu na magoti yanayolia kama mlango mbovu.

"Mgongo unyooke kama mwiko wa ugali! Anayeinama ameuharibu."

Aliyasema hayo huku mgongo wake mwenyewe ukiteremka kutoka mabegani hadi mkiani kama paa la kibanda. Hakuna aliyeuliza. Mwenye kilemba haulizwi.

"Lala bandani kwangu, ufungwe ubao mgongoni, usiinuke mpaka mvua zinyeshe," Fisi akamalizia. "Malipo sitaki. Hata jani moja."

Fisi asiyetaka kitu! Hapo ndipo wangeshtuka. Badala yake walitokwa na machozi kwa ukarimu wake.

Wa kwanza kulazwa alikuwa Simba, maana Fisi alijua kwamba ukimpata mfalme, wengine watajileta. "Mfalme mtukufu," alimwambia, "mifupa yako ni ya kifalme. Kuitembeza juani pamoja na mifupa ya ngiri ni kuidhalilisha." Simba alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kiburi, na Fisi alimtibu kwa kumwongezea. Akawekewa kitanda cha peke yake, cha nyasi laini, na jike wake akawa anamletea nyama na maji mpaka mdomoni.

Baada ya hapo banda likajaa. Kila aliyeulizwa kwa nini amelala alijibu, "Hata Simba amelala."

Miongoni mwao alikuwa Kulwa, pundamilia pekee mle bandani. Pacha wake, Doto, alikataa kulala. Kila siku alipanda kilima, akarudi na vibuyu viwili vya maji, kimoja chake, kimoja cha dada yake.

"Dada, inuka japo tuzunguke banda," Doto alimsihi.

"Nizunguke nini? Goti langu haliumi tena. Wewe lako?"

"Linauma."

"Unaona!" akasema Kulwa, akafumba macho kwa raha. "Dawa imeingia."

Sungura naye, ambaye kazi yake duniani ni kuuliza maswali yanayowaudhi wakubwa, alifika bandani.

"Tabibu, ni nani aliyekwisha kupona?"

"Tazama walivyotulia! Umesikia yeyote akilalamikia goti?"

"Jiwe nalo halilalamikii goti," akasema Sungura.

"Mfikirie Kobe," Fisi akamjibu kwa sauti ya mwalimu aliyechoshwa na wajinga. "Anaishi miaka mia. Kwa nini? Hana pirikapirika, na mgongo wake haupindi!"

Ikawa Kobe anapita hapo hapo. "Mimi?" akasema. "Natoka kilimani. Nilianza safari juzi, na kesho kutwa naenda tena."

Wagonjwa wakacheka sana. Kisha wakaendelea kulala, maana kitanda kina hoja ambazo Kobe hana.

Mwaka ukazunguka, mvua hazijaja. Siku moja Kulwa alitaka kumfukuza nzi aliyetua sikioni mwake. Akainuka nusu, akaegemea mguu wa mbele. Paa! Mguu ukavunjika katikati, bila kugongwa na kitu.

Fisi alifika kabla kilio hakijaisha. Akamburuta nyuma ya banda, mahali alipopaita chumba cha matibabu makubwa. Doto aliporudi na vibuyu vyake, alimkuta tabibu ameketi mlangoni, tumbo limemviringa kama ngoma.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Nimemhamishia kwa tabibu mwenzangu, ng'ambo ya bonde. Kesi yake ilikuwa nzito," akasema Fisi, akajichokoa meno.

Doto aliyaweka maji chini na kuondoka hapo hapo kwenda ng'ambo. Alitafuta siku kumi na mbili, akiuliza kila aliyekutana naye: "Mmemwona pundamilia aliyevunjika mguu? Anafanana na mimi." Siku ya kumi na tatu, akipita kwenye nyasi ndefu huku akiita jina la dada yake, alimkanyaga nyoka aina ya fira. Aliumwa mara moja tu. Sungura alimkuta njiani amekwisha kufa.

Fisi alipopata habari, alipanda juu ya kichuguu. "Mmeona? Doto alikuwa mtembezi hodari kuliko wote. Yuko wapi leo? Kutembea kunaua!"

"Ameuawa na fira," akasema Sungura. "Hakuuawa na miguu yake."

"Angekuwa amelala, angemkanyaga fira wapi?"

Wanyama wakatikisa vichwa kwa kustaajabia hekima hiyo. Sungura akajaribu tena. Wakati huo wagonjwa wengine sita walikuwa wamekwisha kuvunjika na kuhamishiwa ng'ambo.

"Tuhesabu basi," akasema. "Waliolala, saba wamevunjika mifupa. Wanaopanda kilima, wangapi?"

Wakatazamana. Hakuna aliyemkumbuka hata mmoja.

"Hao saba walichelewa kuja," Fisi akasema bila kupepesa. "Wasingelala kwangu, wangevunjika mapema zaidi!"

Kutoka kitandani Simba akanguruma, "Sungura, usimsumbue tabibu wangu. Hebu niletee maji." Baraza likaishia hapo.

Sungura alirudi nyumbani na hasira. Alikuwa amempenda Doto, aliyekuwa akimgawia maji kila walipokutana njiani, wala hakuwahi kusema kwamba mzigo ni mzito. Akaona kwamba maneno hayatamshinda Fisi, maana Fisi ana mengi zaidi. Lakini kuna kitu kimoja ambacho Fisi hajawahi kukidanganya: tumbo lake.

Akangoja tai wamalize kazi yao, akauchukua mfupa wa mguu wa Doto. Kisha mchana mmoja, Fisi akiwa kitandani kwa Simba akimsifia ulaini wa makucha yake, Sungura akapenya nyuma ya banda. Chumba cha matibabu makubwa kilikuwa lundo la mifupa. Akapekua mpaka akaona kwato za pundamilia. Akauchukua mfupa wa Kulwa, wa mguu uliokuwa mzima, ambao Fisi alikuwa bado hajautafuna. Yote miwili akaipaka udongo mwekundu, mpaka hata mama yao asingeweza kuitofautisha.

Siku iliyofuata akaomba baraza mbele ya kitanda cha mfalme. Wapanda kilima walikuja kwa miguu, wagonjwa wakageuza shingo pale walipolala.

"Mfalme wetu," akasema Sungura akiwa amepiga magoti, "nimekosa adabu kwa tabibu. Leo nimemletea zawadi ya kuomba radhi."

Akaiweka ile mifupa miwili chini.

"Aa, jamani," Fisi akasema, udenda ukimdondoka kwenye kilemba kilichokuwa kimelegea na kumning'inia kidevuni. "Tabibu hapokei zawadi."

"Onja tu, kwa heshima yetu."

Fisi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Akaukamata wa kwanza, akauma. Kaa! Akauma tena. Mfupa haukupata hata mkwaruzo, lakini jino lake lilimuuma vibaya.

"Sungura, unanitania?" akafoka. "Huu si ni wa mpanda kilima!"

"Umejuaje, Tabibu?" Sungura akauliza kwa upole.

"Kwani nimeanza leo? Wapanda kilima wote ni hivi hivi! Mtu unatafuna mpaka taya linakufa ganzi, uboho huupati! Lete ule mwingine."

Akauma wa pili. Ulivunjika kama kashata. Fisi akafumba macho, akanyonya, akaguna kwa raha, akasahau kwamba ana kilemba, akasahau kwamba yuko barazani.

"Aaah. Huu sasa. Huu ni wa bandani kwangu. Ukimlaza mtu mwaka mzima, anakuwa laini hivi..."

Akafumbua macho. Baraza zima lilikuwa likiutazama mdomo wake.

"Mifupa hiyo ni ya mapacha," akasema Sungura, na sauti yake haikuwa ya upole tena. "Tumbo moja, umri mmoja, majani yale yale waliyokula. Doto alitembea, Kulwa alilala. Sikumwambia tabibu upi ni wa nani. Meno yake ndiyo yaliyowaambieni."

Katikati ya wagonjwa mmoja akaanza kulia. Kisha akalia mwingine, aliyekuwa na mama miongoni mwa wale saba.

Simba akanguruma ngurumo iliyotikisa banda, akaruka kumrukia Fisi. Ngurumo ilifika. Simba hakufika. Miguu yake ilikunjika chini yake kama ya ndama wa siku moja, na mfalme wa bonde akaketi chini kwa makalio mbele ya raia wake wote.

Aliyefika alikuwa Bi Nyumbu, ambaye hakuacha kupanda kilima hata siku moja. Alikuja na nundu yake, na mgongo wake usionyooka, na magoti yake yanayolia, akageuka, akamtandika Fisi teke la taya lililosikika mpaka kilimani. Wapanda kilima wengine wakafuata. Fisi aliponyoka akiwa ameacha kilemba, fimbo na meno manne, akakimbia moja kwa moja mpaka nje ya bonde. Akaishi huko akila mabaki laini ya wengine, na hata hayo akiyameza bila kuyatafuna.

Wagonjwa wakafunguliwa mbao. "Sungura, mifupa yetu itarudi kuwa na nguvu?" wakamwuliza.

"Sijui," akajibu Sungura, na kwa mara ya kwanza walisikia mtu akisema neno hilo juu ya mifupa yao. "Leo mtapiga hatua tano mkishikiliwa. Kesho sita. Tutatazama."

Wengi walipona. Wawili walibaki wakichechemea. Bi Nyumbu alipoulizwa kama goti lake bado linauma, alisema, "Linauma sana. Lakini linanifikisha."

Simba naye alianza mazoezi. Alitoa amri kwamba kila asubuhi, atakapokuwa anatembea, raia wote wageukie upande mwingine. Wakageuka kwa utii, mabega yakiwatikisika, wakimsikiliza mfalme wao akihesabu: moja, mbili, tatu, puu.

Njia ya mwongo ni fupi.