Kanzu ya Marehemu

Sogeeni, na mwenye kutafuna ameze kwanza.

Bi Ruzuna aliachiwa na marehemu mumewe kanzu ya darizi na agizo moja: "Mpe atakayeilinda nyumba hii kiume." Aliitunza sandukuni, akijua itamwendea mwanawe, Makame, mchapakazi mwenye hasira ya petroli. Binti yake Zubeda hakuogopa macho ya watu. Jirani yao Athmani, mpishi wa pilau, alikuwa na nguvu za fahali. Binamu yao Mbaruku alikuwa na ulimi tu, na ulimi huo haukuwahi kuomba radhi.

Siku ya harusi ya Zubeda, wanaume wakiwa uani kwenye masufuria, Mbaruku alimwona Makame akikata nyama.

"Nasikia mkeo yuko ofisini, wewe unafua nepi. Tukufunge kanga, binamu?"

Wakacheka. Vijana wakatoa simu kurekodi. "Makame, unakubali hilo?"

Makame akamgeuzia kisu.

Bi Ruzuna alikuwa dirishani. Akilini aliona tayari pilau ya harusi ikiliwa matangani, na mwanawe akipandishwa karandinga la polisi.

Athmani akatupa mwiko, akamkumbatia Makame kwa nyuma. Kisu kikamchana kiganja, hakuachia. Mikono aliiweza. Hasira hakuiweza.

Zubeda akatoka. Bibi harusi, kabla ya nikahi, mbele ya wanaume, hina mbichi! Akafunika ngumi ya kaka yake kwa viganja vyake, hina ikavurugika yote.

"Ukimchoma, kaka, leo navaa kaniki ya msiba. Na nyinyi wenye simu, haya, nirekodini mimi!"

Simu zikashuka. Kisu hakikushuka.

Mbaruku akainua mikono. "Makame, nimekosa. Wallahi nimekosa. Hata mimi ningefua nepi, ningepata mwanamke wa kunivumilia."

Yeye, ambaye hajawahi kumwomba msamaha hata mama yake!

Ndipo Makame akafungua vidole. Mnaona jambo dogo? Fungueni vyenu mbele ya wanaume wanaongoja kukuiteni waoga.

Pilau iliungua kidogo, ikaliwa yote. Bi Ruzuna akafungua sanduku, akaitoa kanzu.

"Mpe Athmani," Makame akasema, "kavuja damu kwa ajili yangu."

"Mpe mwanao," Athmani akajibu. "Mimi nilishika tu, yeye ndiye aliyeachia."

Mbaruku, hana haya, alishaanza kuipima mabegani kwa macho.

"Na mimi je?" Zubeda akauliza. "Au ulinzi wa kiume una ndevu?"

Bi Ruzuna kabaki na kanzu mapajani. Haya, nyie mnaocheka huko nyuma: ingekuwa mapajani mwenu, mngemvika nani?