Waliomwitikia Nakijwa

Hapo zamani, siku zile ambazo kikohozi cha damu hakikuwa na dawa ila hewa safi, maziwa na kungoja, aliishi mwanamke mmoja katika milima ya Upare, jina lake Elieshi. Alikuwa na mume, Mbonea, mkulima wa tangawizi, na mtoto mmoja wa kike, Nakijwa, wa miaka mitano.

Elieshi akaanza kukohoa. Akakohoa masika, akakohoa kipupwe, na siku alipoona damu kwenye kanga yake alimwambia mumewe, "Nipeleke tambarare kabla mtoto hajaanza kukohoa kama mimi."

Huko tambarare kulikuwa na hospitali ya wagonjwa wa kifua, imezungushiwa waya. Aliyeingia humo alikaa miezi, wengine miaka, na watoto hawakuruhusiwa kuvuka waya.

Nakijwa alilia siku tatu. Siku ya nne aliacha, lakini kila jioni alikaa kizingitini akiitazama njia inayoshuka bondeni. Akiitwa kula alijibu, "Nangoja kwanza."

Ulipopita mwaka, Mbonea alimhurumia, akamchukua wakatembea siku mbili mpaka hospitalini. Muuguzi akaingia kumwita Elieshi, nao wakangoja nje ya waya. Jua likapanda, jua likashuka. Muuguzi akarudi, akasema, "Hawezi kutoka." Nakijwa alikuwa ameshamwona. Nyuma ya mashuka yaliyoanikwa palisimama mtu, na kilemba chake alikijua. Mtu yule hakusogea.

Njiani baba yake alimwambia, "Mama yako alikuwa amelala."

 Tangu siku hiyo neno mama halikutoka tena kinywani mwa Nakijwa. Hakulisema akiomba, hakulisema akilia, hakulisema hata akijikwaa. Akaacha kukaa kizingitini. Akaanza kukojoa kitandani. Wenzake wakicheza rede, yeye alikaa pembeni akichimba ardhi kwa kijiti, na mpira ukimfikia aliuacha upite.

Mwaka mwingine ukapita, na Mbonea akaoa mke mwingine, Namsifu. Namsifu alifika na vyombo vyake, akavitoa vya Elieshi jikoni, akavipeleka darini. Mtoto akasimama mlangoni akitazama kila chombo kinavyopanda. Siku mbili hakutia chakula mdomoni. Siku ya tatu Namsifu alipanda darini mwenyewe, akavishusha vyote, akavirudisha vilipokuwa.

Kuanzia hapo Namsifu alifanya mambo madogo, na aliyafanya kila siku. Asubuhi aliamka mapema, akamwamsha mtoto, wakaenda mtoni kufua shuka lililolowa. Hakumgombeza. Jirani akiuliza mbona shuka limeanikwa tena, alisema, "Nimemwaga maji." Jumamosi alimsuka. Jioni walichambua maharage pamoja, na Namsifu akasimulia siku yake. "Leo nilifurahi, tangawizi imechipua. Leo nilihuzunika, nilimkumbuka marehemu mama yangu." Kisha akaendelea kuchambua. Hakumuuliza mtoto neno.

Miezi ikapita hivyo. Jioni moja Nakijwa akasema, macho yako kwenye ungo, "Yeye makande yake hatii kitunguu."

Namsifu alijua huyo "yeye" ni nani. Neno lile lilimchoma, hakuficha, alijifuta macho kwa kanga. Lakini kesho yake alipika makande bila kitunguu, na kesho kutwa vilevile, na kitunguu hakikuingia tena katika chungu kile. Mtoto akala. Shuka likaanza kuamka kavu. Ila akimtaka Namsifu, Nakijwa hakumwita. Alikuja akasimama mbele yake, au akamvuta kanga.

Katika kijiji hicho alikuwepo pia Mwajabu, mfinyanzi. Alizaa watoto wawili na kuwazika wote wawili, na nyumba yake ilikuwa kimya. Mchana, Namsifu akiwa shamba, Nakijwa alishinda kwake. Siku mtoto alipokuja amefunga uso, Mwajabu alimpa donge la udongo akamwambia, "Lipige." Nakijwa alilipiga mpaka jasho likamtoka. Siku nyingine alivunja chungu kibichi kilichokuwa tayari kuchomwa. Mwajabu alivikusanya vipande, akavilowesha. "Udongo huu bado unafaa," alisema. "Njoo tuukande."

Ndipo siku moja mtoto alifinyanga uzio, ndani yake mwanamke, nje yake mtu mdogo.

"Huyu nani?" Mwajabu akauliza.

"Mtu."

"Anafanya nini?"

"Amejificha."

"Anamficha nani uso wake?"

"Mimi," Nakijwa akasema. Akasimulia yote, kilemba na mashuka, mpaka mwisho.

Mwajabu hakumwambia anyamaze. Alimwacha alie, naye akaendelea kukanda ili mtoto asione anatazamwa. Mtoto alipomaliza kulia, Mwajabu alimwambia, "Baba yako alikudanganya kwa sababu alikuhurumia. Mama yako hakuwa amelala. Kikohozi kile huruka kwa pumzi, na ungemkimbilia. Alijificha ili usife."

Nakijwa alijifuta uso kwa mkono wenye udongo. "Angeniambia," akasema.

Kesho yake alicheza rede.

Ikafika miaka mitano tangu Elieshi aondoke. Asubuhi moja, bila kutuma habari, akatokea kwenye njia ya bondeni. Amekonda, lakini kifua chake kimepona, na barua ya daktari anayo. Nakijwa alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Namsifu alikuwa uani, na Mwajabu alikuwa amekuja kuzungumza na Mbonea. Wakamkaribisha Elieshi, wakampa kiti, wakampa maji. 

Elieshi akasema, "Mbonea, sikuja kudai nyumba. Nyumba ina mwenyewe. Nimekuja kumchukua mwanangu, tukakae kwa kaka yangu ng'ambo ya bonde."

Namsifu akasema, "Dada, karibu sana. Lakini mtoto hatoki hapa."

Mwajabu akasema, "Nami leo nilikuja kumwomba. Ana mikono ya kufinyanga. Nilitaka aje akae kwangu, nimfundishe kazi kama anavyofundishwa binti wa kuzaa."

Mbonea aliwatazama mmoja mmoja. "Semeni wote," akasema.

Elieshi akasema, "Nilimzaa. Nilipomwona pale kwenye waya alikuwa amevaa gauni la njano. Nilijaza shuka mdomoni ili nisimwite. Ningemwita angekuja, na angekuja angeugua. Kila mwezi nilimtuma mchuuzi wa tangawizi aulize habari zake. Ni mimi niliyeagiza, akihuzunika mpeni maharage achambue, mikono yake ikiwa na kazi moyo hutulia. Ni mimi niliyeagiza apelekwe kwa Mwajabu achezee udongo. Nilimlea kutoka nyuma ya waya, kwa njia niliyoweza."

Namsifu akasema, "Ni kweli uliagiza, na ninakushukuru. Lakini agizo lilifika mara moja kwa mwezi, na mwezi una siku thelathini. Nimefua shuka lake alfajiri, baridi ya kipupwe ikinikata vidole. Nimekula chakula kisicho na ladha niliyoizoea ili akukumbuke wewe ndani ya nyumba yangu. Nilitaka sana aniite mama. Mpaka leo hajaniita, na sijaacha hata siku moja kuamka."

Mwajabu akasema, "Nyinyi mlimpa mapenzi, siwezi kubisha. Lakini alikuwa amebeba jambo lililomla, na hamkulijua, wala wewe uliyejificha, wala wewe uliyemfulia. Kwangu ndipo alipolitoa. Kwangu ndipo alipokasirika bila kuogopa. Na aliyemwambia ukweli, wakati baba yake mzazi ameshindwa, ni mimi. Sikumzaa, simlazi. Ila tangu nizike wanangu, mlango wangu haujagongwa na mkono mdogo ila wake."

Mbonea aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyesema mama amelala.

"Siwezi kumgawa," akasema mwishoni. "Mnajua neno asilolisema. Tusimuulize, tusimvute, asijue tunachongoja. Atakayemwita mama, leo au mwakani, huyo atakaa naye."

Wakakubaliana wote watatu. Kila mmoja aliogopa, na kila mmoja alitumaini.

Wakati huo Nakijwa alikuwa anapanda kilima. Njiani alikutana na mtoto wa jirani, ambaye alimwambia, "Nenda haraka, mama yako yuko kwenu anakungoja." Hakusema yupi. Nakijwa hakuuliza, akaongeza mwendo.

Akaingia uani na mzigo wa majani kichwani, majani mabichi marefu, yamemwagika mbele na nyuma mpaka kifuani, uso wake hauonekani wala yeye haoni kitu. Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa walikuwa wameahidiana. Mtoto akasimama katikati ya ua. Shingo ilikuwa imemchoka. Akapumua, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu ambaye amelisema jana na juzi:

"Mama, nitue."

"Abee," akaitika Elieshi.

"Abee," akaitika Namsifu.

"Abee," akaitika Mwajabu.

Waliitika kwa pumzi moja, wakainuka kwa pamoja, na mikono sita ikaufikia mzigo. Hapo wakatazamana juu ya majani. Chini yake mtoto alikuwa ametulia, anangoja kutuliwa. Mbonea alikuwa ameketi palepale, naye ndiye aliyeweka sharti.

Kila ninaposimulia habari hii nafika hapa nakwama, maana mtoto hakutaja jina, na mzigo hautuliwi na watu watatu wanaovutana. Wawili lazima waachie. Basi nyinyi mlionisikiliza mpaka sasa, nisaidieni. Yuko aliyemzaa akamkimbia ili aishi. Yuko aliyeamka naye kila siku bila kuitwa. Yuko aliyeufungua moyo wake na kumpa ukweli. Je, nani alistahili kuitika?