Viti Viwili vya Kushukia

Sogeeni karibu, na mwenye woga amshike jirani yake mkono. Hadithi hii haina zimwi wala jini. Ingekuwa nao ningewaambia mlale tu.

Siku hizo anga la karibu lilikuwa limejaa setilaiti za intaneti. Kila kampuni ilirusha zake, maana kila mtu alitaka simu yake ishike hadi porini. Hata wewe, usijifanye. Sasa zilizokufa huko juu aziondoe nani? Ndipo mafundi watatu wakapelekwa wakaishi hukohuko, kwenye nyumba ya bati inayozunguka dunia.

Kalunde, mkubwa wao kwa umri, alikuwa na macho. Kipande cha chuma kikiwa bado mbali, yeye alikiona kwenye rada kabla mashine haijalia. Nasike alikuwa na mikono, kitu kibovu akikigusa kinapona. Mrisho, mtu wa Pangani, alikuwa na mdomo. Angeweza kukuomba shati ulilovaa ukampa, na asante ukasema wewe. Lakini Mrisho huyo alikuwa mwoga, jamani! Kila alipolala aliota bati linatoboka.

Siku moja setilaiti mbili za kampuni mbili zikawa zinaelekeana. Kampuni zote mbili zikaonywa. Ya kwanza ikasema, tupande juu kidogo tuwapishe wenzetu. Ya pili nayo, bila kuuliza, ikasema vilevile. Mmeshaona watu wawili uchochoroni, huyu akihamia kulia na yule anahamia hukohuko? Watu hucheka wakapishana. Setilaiti ziligongana, zikawa maelfu ya vipande.

“Vinakuja kwetu,” Kalunde alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Mrisho zaidi. “Tushuke chini, sasa hivi!” Kama si macho yake, wangekufa wakinywa chai.

Lakini kando ya njia ya chini kulikuwa na setilaiti ya kampuni nyingine, na wenyewe walikuwa wanajiandaa kuishusha nao, eti wawapishe. Mrisho akampigia mkubwa wao. “Mzee wangu, samahani kwa usumbufu. Hapa tuko watu watatu. Nakuomba vijana wako wasiguse kitu. Mkitupisha mtatuua!” Mzee akaanza kuuliza amepewa ruhusa na nani. “Mzee, una watoto?” Mzee akasema anao, mdogo wao anaitwa Tumaini. “Basi na mimi ni Tumaini wa mama yangu, na ananisubiri.” Kule ikasikika amri: isiguswe. Kama si mdomo wa Mrisho, wangegongana nayo uso kwa uso.

Wakapita. Kipande kimoja tu kikawapata, kikatoboa ukuta, hewa ikaanza kutoka kwa mluzi. Nasike akaziba tundu kwa kiganja chake, ngozi inachubuka, mpaka akapata bati na gundi. Kama si mikono yake, hadithi ingeishia hapo.

Wakakimbilia chombo cha kushukia duniani. Kina viti vitatu, na kile kipande kilikuwa kimepita humo pia, kikakata kiti kimoja na mpira wake wa hewa. Nasike akaziba tundu la chombo, akahangaika na kile kiti, kisha akaketi. “Hiki hakiponi,” akasema.

Vile vipande vinazunguka dunia, kwa hiyo vitarudi. Chombo cha waokoaji kingefika kesho yake. Atakayebaki huenda akaishi. Huenda.

“Dada Kalunde ashuke,” alisema Nasike. “Njia yote imejaa vipande, nani ataviona mapema?”

“Na nani ataendesha chombo hiki kibovu kama si mikono yako?” Kalunde akajibu. “Na nani atawabembeleza wenye setilaiti watulie tupite?”

Wakatazamana. Maana na atakayebaki je? Bila macho hatajua vinakuja. Bila mikono, ukuta ukitoboka tena, basi. Bila mdomo, nani atawashawishi waokoaji wapande kwenye mvua ya vyuma?

Mrisho akavuta pumzi aseme. Nasike akamkamata mkono. “Kaka, tafadhali, wewe usiseme. Ukisema tutakupa kiti, unajua.”

Alijua. Maneno yote yalikuwa tayari ulimini, matamu, ya kumfikisha kwa mama yake. Aliogopa kubaki, na aliogopa hayo maneno. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

Kalunde akageuka kutoka kwenye rada. “Vinarudi.”

Haya, mlango wa chombo uko wazi na viti ni viwili. Msiniambie wapige kura. Karatasi haioni, haizibi tundu, haiombi. Waliokoana wote watatu, sawasawa. Je, wewe ungemwambia nani abaki, ukiwa unamtazama usoni?