Fisi Aliyerudi na Shahada ya Maendeleo

Paukwa!
Pakawa!
Mlikuwapo?
Hatukuwapo!
Vizuri, hata mimi sikuwapo. Basi hapa hakuna wa kunisahihisha.

Hapo kale, mwaka wa kiangazi kikali, Fisi alirudi kutoka ng'ambo na shahada ya uzamili ya maendeleo ya kimataifa na mabadiliko ya jamii. Alirudi na miwani, na joho, na njaa ileile aliyoondoka nayo. Akaenda moja kwa moja kwenye kisima pekee kilichobaki na maji, akaketi ukingoni, pwata!

"Kuanzia leo," akasema, "kisima hiki ni mradi. Mkitaka maji, leteni mtoto mmoja kila siku, nimjengee uwezo."

Wanyama wakatazama meno yake, wakaelewa uwezo huo utajengwa tumboni mwa nani. Wakapiga kura. Kura ikamwangukia Pimbi, mnyama wa kwenye mawe, mdogo kama mto wa kulalia. Naye alikuwa na mtoto mmoja tu.

Akambeba mgongoni, akashika njia ya kisimani. Nikirudi na maji bila mtoto, akawaza, maji hayo atayanywa nani?

Alipofika akapiga goti. "Shikamoo, msomi."

"Marahaba. Mlete."

"Huyu hapa. Ila naomba kuuliza, baba, maana sisi wa mawe hatukusoma. Huko chuoni, mtaalamu hula kabla ya kuishirikisha jamii?"

Fisi akavua miwani. "Nani kasema? Ushirikishwaji ndilo somo nililowapita wote!"

"Nilijua tu. Kula bila warsha hata chatu anaweza."

Hilo likamchoma. Yeye na chatu! Akaitisha warsha papo hapo, wanyama wote wakakusanyika. Taratibu alikuwa nazo kichwani: kila mshiriki atoe maoni, asikatizwe, mwezeshaji asimame mbele, aandike, na hakuna kula mpaka azimio lipatikane.

"Nani aanze?"

"Wanyonge kwanza," akasema Pimbi. "Tumsikie Kobe."

Kobe akatoa kichwa. "Mimi... kwa... upande... wangu..."

Fisi akasimama mbele, kisima kikiwa mgongoni pake, akaandika. Huku nyuma swala wakajongea kisimani, wakanywa, gu! gu! gu!

Siku ya kwanza ikaisha Kobe bado anawasalimu wageni waalikwa. Ngiri wakanywa, gu! gu! gu! Siku ya pili Kobe akafika kwenye habari za babu yake mzaa baba. Pimbi na mwanawe wakanywa, gu! gu! gu! Tumbo la Fisi likalia, nguruuu!

"Ndugu mshiriki, fupisha basi!"

"Haa!" Pimbi akashika kinywa. "Mwezeshaji anamkatiza mnyonge? Wenzako wa darasani wakisikia?"

"Endelea, mzee wangu," akasema Fisi, machozi yakimlengalenga.

Siku ya nne Fisi alikuwa ameegemea mti, joho linampwaya. Pimbi akamsogelea taratibu. "Baba, mradi ukifanikiwa, mtaalamu hufanyaje?"

Fisi akaikumbuka sura ya mwisho ya tasnifu yake. "Huondoka," akasema kwa sauti ya kuishiwa, "jamii ijitegemee."

"Na huu umefanikiwa?"

Akawatazama wanyama. Wamekaa kwa makundi, wanazungumza kwa zamu, nyuso zinang'aa. Hata ng'ambo hakuona warsha kama ile. "Mno!" akasema.

Wakampigia makofi, pa! pa! pa! Akainama kwa adabu, akaondoka akiyumba kwenda kutafuta mzoga na kuandika ripoti. Walisikia kicheko chake toka mbali, cha mtu aliyeridhika kabisa.

Pimbi akamshusha mwanawe mgongoni, akamkumbatia. "Ahsante, mzee Kobe. Sasa unaweza kupumzika."

"Lakini... mwanangu... sijafika... kwenye... hoja."

Ngano imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni nitafune mwenyewe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: semeni kwa kifupi, kwani mkutano mrefu haujawahi kumwokoa mtu.